Embe Limesingiziwa: Kuhusu Safari ya Watoto Kutoka Nakuru Hadi Ziwani

"Daktari, habari ya kazi. Tunaishi Nakuru, na Agosti shule zikifungwa tunapanga kwenda na gari letu hadi Kisumu, kisha Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, siku 9 kwa jumla. Mume wangu alizaliwa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria. Watoto ni watatu, wa miaka 12, 8 na 3, na huko wamewahi kufika mara mbili tu, kwenye mazishi, tukalala usiku mmoja tukarudi. Safari hii tunataka kupanda Kit Mikayi na Got Asego, kulala kwa nyanya yao, na njiani tule matunda ya kila mahali. Shida ni kwamba kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema watoto wasile maembe mabichi, yataleta malaria. Mume wangu anasema damu yao ni ya ziwani, malaria haitawasumbua, na kwamba wakipelekwa na mashua wakaogelee mbali na ufuo hakuna kichocho. Jirani naye amenipa vidonge vya malaria, vile vya AL, tumeze kabla ya kuondoka ili tujikinge. Nifuate la nani? Ama tuahirishe tu?"

Dada yangu, msiahirishe. Nilifanya kazi kando ya ziwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia huku Nakuru, kwa hiyo nimewaona wagonjwa wa pande zote mbili za safari yako: wanaoishi kule, na wanaorudi kutoka kule. Familia nyingi humaliza nguvu zao kuogopa kisichodhuru, halafu mlango wenyewe wanauacha wazi. Kwenu embe limesingiziwa, ziwa limesamehewa, na majuma yanayofuata baada ya kurudi nyumbani hayajatajwa na mtu yeyote. Hayo ndiyo yanayonipa wasiwasi.

Tuanze na mama mkwe, kwa heshima zake, kwa sababu ameona jambo la kweli akalipa sababu isiyo yake. Tuliolelewa magharibi tunakumbuka: majira ya kuangusha maembe mabichi kwa mawe na majira ya mbu hukutana. Mtoto anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili saa kumi jioni, usiku anatapika na kushikwa na joto, kesho yake anapimwa malaria. Nani asingelaumu embe? Lakini vimelea vilivyomwangusha siku hiyo viliingia mwilini wiki moja au mbili nyuma, kwa mbu jike aina ya Anofelesi aliyemuuma usiku. Embe bichi likizidi litamuuma tumbo, litamharisha, na basi. Wape watoto maembe, mama mkwe umwambie daktari ameruhusu kwa kipimo.

Sasa baba watoto na hiyo damu ya ziwani. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana msemo huu umeniletea watoto mahututi. Kinga ya malaria ambayo watu wa Rusinga wanayo hairithiwi kama pua au urefu. Mtu huipata kwa kuugua na kuugua tena tangu utotoni, na hata akishaipata haimzuii kuambukizwa, inamsaidia tu asizidiwe. Akihama akakaa miaka Nakuru, inapungua. Kwa hiyo mumeo mwenyewe asijione ana ngao ya ujana wake. Kinachoweza kurithiwa ni chembe ya urithi ya selimundu (sickle cell) kutoka kwa mzazi mmoja, ambayo hupunguza ukali wa malaria, lakini hiyo haijulikani kwa kutaja ukoo, hujulikana kwa kupima. Na mtoto mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, malaria kwake ni hatari kubwa zaidi. Kama kuna mmoja kwenu, usisafiri kabla ya kuonana na daktari wake.

Watoto wako ni watoto wa nyanda za juu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,135 hivi. Tofauti hiyo ya mita 700 unaihisi ukiteremka kutoka Kericho kwenda Awasi: sweta linavuliwa, madirisha yanashushwa, na kufika Ahero kila mtu anaomba maji. Mbu naye anaihisi. Vimelea vya malaria vinahitaji kukua ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, na kwenye joto la ziwani hukamilika kwa siku 10 hadi 14. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 18 hivi, vimelea hivyo hukwama, mbu anakufa kwa uzee kabla havijakomaa. Ndiyo maana mtoto anaweza kukua Nakuru hadi darasa la saba bila kuugua malaria hata mara moja, na ndiyo maana akikutana nayo mwili wake haujui la kufanya. Hata chanjo ya malaria, iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, ilipelekwa kwa watoto wachanga wa kaunti zenye malaria nyingi. Wako hawakuwa kwenye hesabu hiyo.

Vidonge vya jirani: AL ni tiba. Hukaa mwilini siku chache, na kuimeza kabla ya safari ya siku 9 ni kama kumwita mzima moto aje amwage maji nyumba isiyoungua, kisha aende zake. Dawa za kukinga zipo na ni nyingine. Kuna kidonge kinachounganisha atovakuoni na proguanili, ambacho huanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria, kila siku mkiwa huko, na siku 7 baada ya kutoka. Kwa safari fupi ndicho ningechagua, na dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito wake. Ubaya wake ni bei. Doksisaiklini ni nafuu, lakini haipewi mtoto aliye chini ya miaka 8 wala mama mjamzito, hufanya ngozi iungue na jua upesi, na lazima uendelee nayo wiki 4 baada ya kurudi. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, huanza wiki mbili au zaidi kabla, na baadhi ya watu huwapa ndoto mbaya na wasiwasi, kwa hiyo aliye na historia ya kifafa au ugonjwa wa akili asiiguse.

Je, ni lazima? Nitakuambia ukweli. Familia nyingi za Nakuru huenda ziwani na kurudi bila dawa hizi, wakilala kwenye neti, na nyingi hazipatwi na lolote. Ila wewe una mtoto wa miaka 3 asiye na kinga, na mtalala kijijini usiku kadhaa. Angekuwa wangu, ningempa. Kama pesa hazitoshi kwa wote watano, zungumza na daktari au mfamasia mtazame nani aanze. Na hukuniambia kama una mimba. Kama unayo, hata ya wiki chache, usiamue dawa yoyote kwa maandishi yangu. Nenda kliniki kwanza, malaria ya mjamzito ni mambo mengine kabisa.

Umeze au usimeze, neti haina mbadala. Beba zenu kutoka nyumbani, zenye dawa, pamoja na kamba na misumari minne. Nyanya atawapa neti, lakini mara nyingi ile ya wageni ndiyo ile iliyochanika ikashonwa kwa uzi mweusi, na inaning'inia sentimita kumi juu ya godoro. Neti isiyofumbatwa chini ya godoro ni pazia. Watoto waingie mapema, kwa sababu mbu huanza kazi giza linapoingia na mkia wa kazi yake ni alfajiri. Jioni, watu wakiwa uani wanangoja samaki, wavae mikono mirefu na soksi, na mpake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET miguuni, hasa vifundoni. Mkiona wingu la wadudu wadogo linapanda juu ya maji kama moshi, msikimbie. Hao ni wadudu wa ziwa tu, hawaumi, watawajaa kwenye taa na kwenye chai.

Kichocho sasa. Nitakusimulia langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, karibu na Mbita, nilishuka kwenye mashua nikakunja suruali hadi chini ya magoti, nikatembea hatua labda ishirini kwenye maji hadi nchi kavu. Jioni miguu ikawasha kama niliyepita kwenye upupu, na vipele vilikoma kabisa pale suruali ilipokunjwa, kama vimepigwa rula. Nikacheka. Wiki ya tano nikaanza homa za usiku, kikohozi, tumbo kusokota, mwili kuvimba mabaka. Kliniki moja ikanitibu taifodi mara mbili. Mimi mwenyewe, daktari, sikuzikumbuka hatua zangu ishirini, mpaka mzee mmoja wa maabara aliponiuliza, "Ulikanyaga ziwa lini?"

Mzunguko wake ni huu. Mayai hutoka kwa mtu aliyeambukizwa, kwa choo au kwa mkojo, kutegemea aina. Ziwani kwetu inayotawala ni ile ya matumbo, inayotoka kwa choo. Yakifika majini yanaanguliwa, yanamtafuta konokono fulani wa maji baridi, na ndani yake yanazaana kwa wiki kadhaa. Kisha konokono mmoja huyo anaachilia mamia ya vimelea kwa siku, vyenye mkia uliogawanyika pacha, vingi zaidi jua likiwa kali mchana. Yaani ile saa hasa ambayo mtoto anatamani kuruka majini. Hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Si lazima kuyanywa maji, si lazima yawe machafu wala ya matope. Maji yanaweza kuwa maangavu ukaona kokoto.

Hoja ya mumeo ya kuogelea mbali na ufuo ina nusu ya ukweli. Hatari kubwa iko kwenye maji matulivu ya pembeni, kwenye nyasi na magugu maji, na pale akina mama wanapofulia na watoto wanapooga. Ukienda mbali inapungua. Lakini Ziwa Victoria lina konokono wa kichocho wanaoishi hata chini ya maji yenye kina, na vimelea vyenyewe huelea na mkondo kwa siku nzima au zaidi. Na mtoto ataingiaje na kutokaje mashuani? Kwa miguu, ufuoni. Halafu kuna kiboko, ambaye hapangiwi na mtu mahali pa kuogelea, na upepo wa alasiri ambao hugeuza ziwa ghafla. Kwa hiyo, kupanda mashua ndiyo, asubuhi, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea, mtoto wa miaka 3 apate la kumtosha, na muingilie kwenye gati kavu au mbebe gambuti. Kuogelea, tafuteni hoteli yenye bwawa la kulipia. Kwa nyanya, maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani yakae kwenye mtungi uliofunikwa siku mbili bila konokono ndani, au yapashwe yachemke, ndipo yatumike. Simbi Nyaima pale Kendu Bay msiogelee vilevile. Ni ziwa la magadi, la kutazamwa na kusimuliwa. Waambieni watoto hadithi ya bibi kizee aliyenyimwa ukarimu na kijiji kikazama, watasimama ukingoni bila kushikwa mkono.

Ikitokea wameingia (na kwa watoto watatu, mmoja ataingia), usiende dukani siku ya pili kununua prazikwanteli. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, michanga inaiponyoka. Unatumia dawa, unajiona umepona, na kazi inaendelea ndani. Pima choo na mkojo wiki 6 hadi 8 baada ya siku ya mwisho ya kugusa maji, hata kama hakuna anayelalamika, na dawa ipimwe kwa uzito. Ikitumiwa wakati wake inafanya kazi vizuri sana.

Milima haina maneno mengi. Kit Mikayi ni mawe makubwa yaliyobebana, jina lake ni jiwe la mke wa kwanza, na watu huenda pale kusali, kwa hiyo vueni kelele kabla ya kuingia. Got Asego ni kilima cha umbo la pia juu ya mji wa Homa Bay, kifupi kwa macho, kirefu kwa magoti. Pandeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwe mmeshuka kabla ya saa nne. Mtoto wa nyanda za juu kwenye joto lile huishiwa maji kabla hajasema ana kiu. Viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu ya kifutu, nyoka mnene mvivu asiyekimbia mtu bali hubaki njiani akikanyagwa anauma. Akimuuma mtu, hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba wala kubandika jiwe jeusi. Vua pete na kiatu, mguu usitikiswe, mbebeni hadi hospitali kubwa iliyo karibu.

Nimebakiza matunda, ambayo ndiyo sehemu tamu ya swali lako. Ningekuwa ninyi, kurudi ningepitia Kendu Bay hadi Oyugis, kisha Sondu na Kericho. Oyugis mtapata ndizi na parachichi, Kabondo viazi vitamu vilivyopangwa kama matofali kando ya lami, Sondu mananasi. Kama mmeamua kumeza ile dawa ya atovakuoni, parachichi hilo lina kazi nyingine: dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikiambatana na chakula chenye mafuta. Nusu parachichi na mkate, kisha kidonge. Si mara nyingi daktari anapata nafasi ya kuandika dawa tamu hivyo.

Tunda lenyewe, likiwa zima na ganda lake, ni chakula salama kuliko vyote mtakavyokutana navyo barabarani. Ndizi, nanasi, embe, parachichi, chungwa, fenesi: ganda lake ni sahani aliyoifunika Mungu. Hatari huanza kisu kinapoingia. Mkisimamisha gari kwa muuza nanasi la vipande, usilitazame nanasi, tazama ndoo. Kuna ndoo ndogo chini ya meza ambamo kisu kinachovywa baada ya kila nanasi, na maji yake tangu asubuhi yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Humo ndimo taifodi na amiba hupitia, na kipindupindu kikiwa kimezuka. Nunua nanasi zima, kisu na kibao viwe vyenu, nawa mikono kwa sabuni, kata wenyewe juu ya boneti. Tikitimaji la vipande ndilo ninaloliogopa kuliko nanasi, kwa sababu halina uchachu, na bakteria hukua humo haraka likikaa juani. Mapera na zambarau, ambazo wengine huziita jamna, huliwa na ganda, basi zioshwe kwa maji ya chupa au yaliyochemshwa, si kupanguswa kwenye shati kama tulivyozoea. Tunda lililonyunyiziwa maji ili ling'ae, uliza kimoyomoyo maji hayo yametoka wapi, halafu lioshe.

Na wasile yote siku moja. Mtoto aliyezoea ndizi moja kwa siku akila mapera kumi, zambarau kikombe na nusu embe bichi, ataharisha bila msaada wa kijidudu chochote. Bebeni pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki. Zikiisha, lita moja ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vilivyosawazishwa. Akiharisha damu, au kama maji ya mchele mara nyingi kwa saa chache, au macho yakidumbukia na hakojoi, msingoje Nakuru. Ingieni hospitali ya karibu, Kisumu au Homa Bay.

Sasa mmefika nyumbani, mmefua nguo, shule zimefunguliwa. Hapo ndipo safari yako inapokuwa na hatari zaidi. Malaria mliyoibeba haitaonekana barabarani, itaonekana siku ya 7 hadi wiki kadhaa baadaye, wakati Nakuru kuna baridi na darasa zima lina mafua. Mtoto atakuwa na joto, utampa panadol, litashuka, litarudi. Utasema ni mafua. Siku mbili za kungoja zinatosha malaria ya mtoto asiye na kinga kupanda kichwani. Kwa hiyo homa yoyote, ya mtoto au ya mtu mzima, ndani ya miezi mitatu tangu mtoke ziwani, apimwe damu siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza mbele ya daktari iwe: "Tulilala Mbita mwezi wa nane." Kipimo kikisema hapana na homa inaendelea, rudia baada ya saa 12 hadi 24. Hata kama alimeza dawa ya kukinga. Degedege, kutapika kila kitu, kulala asiamke vizuri, kuhema kwa kasi, mkojo mweusi kama soda ya kola, macho kuwa manjano: hayo ni ya usiku huo huo, si ya kungoja kliniki ifunguliwe.

Chukua kalenda ya ukutani sasa hivi, kabla hujapakia. Hesabu wiki 7 kutoka siku mtakayoondoka ziwani, uiwekee duara, uandike "choo na mkojo, wote watano". Mumeo naye, maana najua yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuvua shati akiliona ziwa. Na vidonge vya AL, mrudishie jirani.